Mama Mkwe Juu ya Farasi

Mwene-Ditu, 22 Novemba 1992

Shemeji Kisimba,

Pokea salamu zetu, wewe na wote huko Kolwezi ambao bado wanazipokea. Sisi tulifika salama, baada ya siku nyingi za kukaa juu ya mizigo yetu wenyewe. Simone mkeo ni mzima na tumbo lake linakua. Watoto wako nao ni wazima. Yule mkubwa ameshashika Tshiluba cha huku na ananicheka mimi mjomba wake kwamba nakiongea kama mtu wa Katanga. Yaani nimezaliwa Kolwezi, nimefukuzwa Kolwezi kwa kuwa si mtu wa Kolwezi, na huku nachekwa kwa kuwa ni mtu wa Kolwezi. Hiyo nakuachia uicheke kwa niaba yangu.

Nyumba nimepata, karibu kabisa na stesheni. Ni kubwa, na hewa inaingia vizuri. Kuhusu hewa hatuna malalamiko yoyote.

Sasa jambo lenyewe ni Mama. Uliona alivyotufanyia siku ile. Tulimpandisha ndani ya behewa, tukampangia masanduku ya kukalia, na treni ilipokaribia kuondoka akasema ameacha sufuria ya maharagi motoni. Nikamshusha kwa mikono yangu, nikamkabidhi kwa jirani yake Joyeuse, nikarudi ndani kuchukua bunda lake, na treni ikang'oka nikiwa nimelishika bunda. Simone ananiambia sasa kwamba mwezi ule Mama hakupika maharagi hata mara moja.

Umebaki wewe, mkwe wake. Mpandishe treni inayofuata. Najua mtu hamsogelei mama mkwe wake, usinifundishe mila za nyumbani kwetu. Tafuta njia.

Shemeji yako,
Kanku

Kolwezi, 19 Desemba 1992

Shemeji Kanku,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Alfani, yule mwenye lori, na bahasha ilikuwa inanuka samaki kwa sababu alikuwa amepakia samaki. Namshukuru hata hivyo. Mwambie Simone nimeisoma mara nyingi ile sehemu inayomhusu, ingawa ulimwandikia mstari mmoja tu. Huku mvua zimeanza. Mama ni mzima, yuko nyumbani kwake Dilala, analinda nyumba. Mguu wake bado umevimba, na safari yake ndefu ni kutoka kitandani hadi mlangoni. Na hiyo nyumba yako, ina vyumba vingapi? Mama atataka kujua.

Unaniambia nimpandishe treni kana kwamba ni sanduku. Shemeji, tangu nilipomwoa dada yako sijamtazama Mama usoni, sijala mbele yake, na akija njia hii mimi napita njia ile. Wazee walipaswa kutufungulia ukwe kwa mbuzi ili tuweze kukaa pamoja kama watu wengine. Baba yenu akafariki kabla mbuzi hajapatikana, na waliokuwa wamle mbuzi huyo wote wamefukuzwa, wako huko kwenu. Simone ndiye aliyekuwa akipeleka maneno kati yetu. Siku hizi nasimama nyuma ya nyumba na kukohoa, Mama anajua ni mimi, anaweka sahani dirishani na kurudi ndani. Mazungumzo yetu ndiyo hayo.

Wenye magari hawataki kumbeba mtu wa Kasai, wanaogopa vijana waliofunga barabara kuwafukuza watu wa kwenu. Nikaazima toroli. Nikaijaribu kwanza kwa gunia la unga, na ndipo nikagundua kwamba mwenye kusukuma anamtazama usoni yule aliyekaa ndani, njia nzima. Nikairudisha kwa mwenyewe siku ileile.

Lakini lipo wazo. Unamkumbuka Baronne, farasi jike wa klabu ya wazungu, pale nilipokuwa nikifanya kazi. Baada ya uporaji wa mwaka jana wazungu waliondoka, farasi wengine wakaliwa, yeye akabaki kwa sababu anauma. Huyu nilimfundisha kwa lonje, ile kamba ndefu: mimi nasimama katikati, yeye ananizunguka kwa mbali, na anatii sauti yangu bila mtu yeyote kumkaribia. Kamba ina mita nane. Baba yangu, kule kwetu Manono, kaskazini mwa Katanga, alikuwa akisimama karibu umbali huohuo kutoka kwa bibi yetu, mama wa mama. Mama akikaa juu ya Baronne, na mimi nikashika mwisho wa kamba, nani atasema nimevunja heshima?

Wako,
Kisimba

Mwene-Ditu, 14 Januari 1993

Shemeji,

Heri ya mwaka mpya, na pongezi: umepata mtoto wa kike. Simone alijifungua siku mbili baada ya Noeli, bila shida kubwa. Tumempa mtoto jina la Mama, Tshibola, kwa hiyo na huyo jiandae kumwogopa kidogo. Ana sauti. Majirani wote wanaijua.

Uliuliza kuhusu vyumba. Mvua huku ni nyingi mwaka huu, hata mihogo inaoza.

Nilimsomea Simone barua yako. Alicheka mpaka mtoto akaacha kunyonya. Mimi sikucheka. Mama yangu ni mjane, ni mwanamke wa kanisa, na aliwahi kushuka kwenye baiskeli ya baba ikiwa bado inakwenda kwa sababu aliona inakimbia mno. Wewe unataka kumweka juu ya mnyama anayeuma na umshike kwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Nilikuwa karani miaka yote, sijui mambo ya farasi, lakini najua kwamba mtu akianguka kutoka juu, anafika chini.

Hata hivyo sina wazo jingine. Waliofika wiki hii wanasema huko Kolwezi mambo yanazidi kuharibika. Ukiendelea na wazimu wako, basi uendelee haraka. Simone anasema umfunge Mama kitambaa kichwani vizuri, jua lisimpige. Hilo ndilo linalomsumbua yeye.

Kanku

Kolwezi, 20 Februari 1993

Shemeji Kanku, baba mdogo wa Tshibola,

Kwa nini nakuita hivyo sijui, wewe ni mjomba wake, lakini tangu habari ile ifike nachanganya maneno. Nilimwambia Alfani, nikamwambia Joyeuse, nikamwambia hata mtu aliyekuja kuiba mabati ya klabu. Akanipa mkono, kisha akaendelea na mabati. Mwambie Simone nashukuru. Mwambie pia kwamba nimekonda kidogo tu.

Masomo ya Baronne yanaendelea. Anaogopa nguo zinazopepea, na Mama bila nguo za kupepea hayupo. Kwa hiyo nilichukua gunia la makaa, nikalivika kikwembe cha Mama, nikalifunga kitambaa kichwani, nikalikaza juu ya tandiko. Kila asubuhi farasi ananizunguka na gunia hilo, mimi nasimama katikati nikisema polepole, polepole, tembea. Siku ya kwanza gunia lilianguka, na nilijikuta nimegeuka upande na kuomba radhi. Watu wa Dilala waliona. Wanasema nimerukwa na akili kwa kumkosa mke, wengine wanasema namroga mama mkwe. Mhubiri mmoja alikuja kuniombea, Baronne akamng'ata bega la koti.

Mama alikuwa akitazama toka mlangoni. Siku ya nne hakuvumilia. Hakusema na mimi, bila shaka. Alisema na farasi.

"We nyama," akasema, "ambia bwana yako, mi siko gunia ya makala. Na ile kikwembe anaifunga sawa vile mutu mulevi."

Mimi nikatazama majani. "Baronne, ambia mama, nimesikia. Nitaifunga muzuri."

"Ambia yeye tena, mi siendake Kasai. Kule siyue mutu. Bwana yangu eko mu makaburi ya hapa, nani atamupalilia?"

Hapo niliona uchungu sana. Mimi ndiye nitakayepalilia, nilitaka kusema, lakini mtu haahidi mambo kama hayo akiwa ameangalia majani. Kesho yake barua yako ilifika. Nikamsomea Baronne, kwa sauti ya juu kidogo, kwamba amezaliwa mtoto huko Mwene-Ditu na jina lake ni Tshibola. Kisha Mama akasema:

"Ambia yeye asome tena."

Nikasoma tena. Jioni ile alimwita Joyeuse ili amsaidie kupanda juu ya meza, na kutoka kwenye meza apande juu ya farasi. Alikaa pale akiwa ameshika manyoya ya shingo, na Baronne alisimama bila kutikisika. Sasa kila jioni anazunguka kidogo. Analalamika tu kwamba usiku Baronne anakoroma na yeye hapati usingizi.

Kasoro imebaki moja ndogo. Baronne anajua kuzunguka tu, kwa mkono wa kushoto. Kwenda moja kwa moja hakuwahi kufundishwa. Nitaishughulikia.

Kisimba

Mwene-Ditu, 8 Machi 1993

Kisimba,

Wote ni wazima, mtoto ananenepa.

Nimekuwa karani, nasoma kila kilichoandikwa. Mama alikuwa akitazama mazoezi toka mlangoni. Usiku farasi anakoroma na Mama hapati usingizi. Nyumba ya Mama Dilala haina farasi mlangoni wala kitandani. Mama anakaa wapi?

Nakuuliza kwa ukali, kisha naona sina haki ya kuwa mkali. Nyumba yangu ni ghala la zamani la pamba. Upande mmoja hauna ukuta, ndiyo hewa niliyokusifia. Tumo familia nyingi, tumegawana kwa mikeka iliyoning'inizwa, na Simone alijifungulia humo huku wanawake wameshika vikwembe kumzunguka. Sikutaka ujue. Ulikuwa umenikabidhi mkeo na watoto wako, na mimi niliona haya.

Mlete Mama hata hivyo. Wanaoshuka treni wanasema huko watu wanatolewa majumbani kwa wingi na kusukumwa stesheni. Ghala lina watu wanaomjua. Mlete kwa farasi, kwa duara, kwa vyovyote.

Kanku

Kamina, 4 Aprili 1993

Shemeji Kanku,

Nakuandikia nikiwa nimekaa chini, karatasi iko gotini. Mama ni mzima, yuko hapa, anakusalimu na anauliza kama bado unakula ukisimama. Treni yetu imeachwa hapa bila kichwa. Kichwa kilikatwa kikaenda kuvuta mizigo, na hakuna anayejua kitarudi lini. Dereva mmoja anayetangulia amekubali kuchukua barua hii. Alfani ni mzima, alibaki Kolwezi. Joyeuse naye ni mzima, alilia.

Ulikisia vizuri. Nyumba ya Mama ilichukuliwa Januari, na mtu aliyekuwa akimwazima chumvi. Kwa msaada wa Joyeuse nilimhamishia kwenye banda la Baronne, na mimi nililala nje, upande wa pili wa uzio, mvua ikininyeshea kwa ajili ya heshima. Barua ya Februari sikukutajia, nikakuacha uamini bado analinda nyumba, kwa sababu na mimi niliona haya. Basi wewe ulikuwa unamkaribisha kwenye nyumba isiyokuwepo, na mimi nilikuwa nakataa kumtoa kwenye nyumba isiyokuwepo. Tungeendelea hivyo mwaka mzima.

Siku tuliyosikia treni ipo, Joyeuse na wanawake wawili walimpandisha Mama. Alivaa kitambaa cha kanisa na kufungua mwavuli. Kile kitu cha kwenda moja kwa moja sikufanikiwa kukifundisha. Baronne ananizunguka mimi, hivyo nikipiga hatua mbele, duara lote linasogea hatua moja. Ndivyo tulivyovuka Dilala. Mimi natembea katikati ya barabara kama mtu anayesindikiza maiti, na Mama ananizunguka na mwavuli wake. Watu walitoka nje. Mama aliwaaga majirani, kisha akawaaga tena kwa sababu alirudi. Yule wa chumvi alitoka na watoto wake, na Mama alipita mbele yake mara nyingi kuliko mbele ya wengine, kwa sababu pale, nakiri, mimi sikuharakisha.

Kwenye kizuizi walikuwepo vijana na gogo lao. Walitupigia kelele tusimame. Kusema na farasi wakati watu wanapiga kelele hakuwezekani, na Baronne alilizunguka gogo na benchi na vijana wenyewe, kamba ikawakusanya wote pamoja. Ilichukua muda kuwafungua. Mkubwa wao, Mbayo, alikuwa na alama ya kamba shingoni na hakufurahi. Nikamjua kwa usemi wake kwamba ni mtu wa kwetu, wa kaskazini.

"Shusha uyu mama," akasema. "Tunataka kuona anaficha nini."

Mwenzake, Kabamba, akasogea amshushe, Baronne akamng'ata mkono wa shati. Wakarudi nyuma wote.

"Mushushe weye," Mbayo akaniambia. "Farasi ni yako."

"Siwezi. Ni mama muko yangu."

Mbayo akapima kamba kwa macho, kutoka mkononi mwangu hadi kwa Mama, akaelewa kwa nini ni ndefu.

"Mama muko ya kabisa?"

"Mama ya muke yangu. Batu hawakutufungulia bado."

Kabamba akasema, "Aba ni batu ya Kasai. Muko yao ni ya bure."

"Muko haina ya bure," Mbayo akamjibu. "Weye unataka mutu ya kwetu akamate mama muko yake mu barabara, batu yote banaangalia? Bazee bakiuliza, utajibu weye?"

Wakabishana. Mmoja alisema wajomba zake ndio wenye kujua mambo hayo, mwingine akasema kwao mtu hupita hata vichakani ili asikutane na mama mkwe. Nilisimama pale na kamba yangu, shemeji, nikashangaa. Vijana hawa waliamka asubuhi kutufundisha kwamba sisi na watu wa Kasai hatuna kitu tunachoshirikiana, na sasa walikuwa wanagombana ni nani kati yao anayemheshimu Mama zaidi. Mwishowe waliondoa gogo, wakageuza nyuso zao pembeni ili nipite bila aibu. Joyeuse na wenzake walikatazwa kuendelea. Mbayo aliniita nikiwa nimeshavuka.

"Ukimufikisha, rudia. Weye ni mutu ya hapa. Lakini ukipanda ile treni, usirudie tena."

Stesheni ilikuwa imejaa watu waliolala hapo wiki nzima, watoto na wagonjwa na vyombo, na sitaki kukuandikia yote niliyoyaona. Alfani alikuwepo na lori lake. Nikampa kamba ya Baronne na kumwambia asigeuze mgongo. Lakini nani amshushe Mama? Joyeuse hayupo. Kila mtu ana mzigo wake, na waliojaribu walionyeshwa meno. Treni ikapiga honi. Mama akasema toka juu:

"Baronne, ambia bwana yako, treni haingojake mutu."

Alijifunika uso kwa kikwembe. Nami nikafumba macho, nikasogea, nikamnyanyua.

Ni mwepesi, shemeji. Nilikuwa nimejiandaa kwa mzigo, nikanyanyua mtu ambaye hajashiba tangu Januari. Miezi yote hiyo nilikuwa mbali kwa heshima, na kwa mbali sikuona kwamba ile sahani aliyokuwa akiniwekea ilikuwa chakula chake. Nililia nikiwa nimembeba, sikufichi.

Nikampitisha katikati ya watu, nikamkalisha juu ya gunia ndani ya behewa, nikageuka nishuke. Akajifunua uso na kuniita kwa jina langu, na mimi nikageuka kabla sijafikiri. Tukatazamana. Ana macho ya Simone. Tangu nimwoe Simone sikuwa najua.

"Kisimba," akasema, si kwa farasi, kwangu. "Na kule, nani atanishusha?"

Nikamwambia kwamba Kanku atamshusha. Akasema Kanku alimshusha mara moja, akaenda zake. Nikamwambia basi Simone. Akasema Simone ana mtoto mgongoni. Nilikuwa bado natafuta jibu jingine treni ilipoondoka.

Mbayo alisema nikipanda nisirudi. Nimelifikiria sana tangu stesheni ya Tenke. Kolwezi nimeacha kazi isiyokuwepo, banda lenye kuvuja, na farasi ambaye Alfani, namjua, atamfundisha kubeba samaki. Nimeacha na kaburi la baba yenu, Joyeuse ameniahidi kulipalilia. Ningerudi kwa nani?

Humu ndani tumebanana mabega kwa mabega. Mama amelala, kichwa chake kiko begani kwangu, nami siwezi kuandika kwa haraka kwa sababu mkono huo sitaki kuutikisa. Mtafutie mtoto kitambaa cha joto, Mama anaagiza. Mtusogezee mikeka kwenye ghala lenu, mmoja wake, na mmoja wetu mimi na Simone. Kichwa kikirudi tutafika, njooni stesheni wote. Lakini kumshusha, shemeji, mniachie mimi.

Kisimba